Kiganja Kimoja

Pazia la kulia lilifika katikati.
La kushoto likasimama kiganja kimoja kabla,
kama mtu aliyeitwa jina akiwa njiani
akasahau alikuwa anakwenda wapi.

Miezi minne. Jua la saa kumi
lilipita hapo hapo, jembamba kama rula,
likakata kochi, likakata kikombe changu,
likamkata Shekue usoni akipiga hesabu za duka.
Akasogeza kiti. Hakusogeza pazia.
"Tutamwita fundi," akasema.
Fundi alikuja, akatazama juu, akasonya,
akataja bei ya kitanda kizima.

Fimbo hii tuliinunua mnadani Raskazone,
kwa mzungu mmoja wa mkonge aliyekuwa akifunga virago,
pamoja na pasi mbovu na trei ya bati.
Dalali aliinyanyua kama upanga:
"Hii ya kamba! Unavuta ukiwa umekaa!"
Watu wa Ngamiani wakacheka, nani mvivu hivyo?
Mimi nikanyoosha mkono.
Nilikuwa na mimba ya Mwanakombo, miguu imevimba,
uvivu ulikuwa haki yangu.

Jumanne, Shekue yuko dukani, nikapanda juu ya meza,
kanga nimeifunga kibwebwe, bisibisi nimeichomeka humo.
Nikayashusha mapazia, kulabu moja moja,
nikazihesabu ndani ya bakuli la uji:
ishirini na mbili, na moja isiyo na mwenziwe.
Ndani ya fimbo vumbi la Barabara ya Kumi na Nne,
mende mkavu, na mafuta ya cherehani
niliyotia mwenyewe mwaka juzi nikidhani nasaidia.
Yamegeuka ugali mweusi, yameshika magurudumu.
Usitie mafuta. Naandika hapa ili mtu ajue.
Futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka mshumaa,
ule ule wa siku ya umeme kukatika.

Kamba haikuwa na kosa.
Miezi minne nilikuwa nailaumu kamba!
Mimi niliyelelewa na mshahara wa korona
naijua kamba iliyochoka, huota nywele.
Hii ilikuwa nzima. Imeteleza tu
kwenye ulimi mdogo wa chuma
pale kigari cha kushoto kinapoishikia.
Cha kulia kimefungwa fundo, hakina hiari.
Cha kushoto kinashika kwa meno.

Basi hutumii nguvu. Unavuta kamba
mpaka cha kulia kigonge mwisho wa kulia.
Unaishika hapo, isipumue.
Kisha cha kushoto unakisukuma kwa mkono, taratibu,
mpaka nacho kifike mwisho wa kwake, kabisa.
Ndipo unaipenyeza kamba chini ya ulimi.
Ili vikutane katikati
kwanza kila kimoja kifike kwao.

Nilisimama juu ya meza na neno hilo
muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Halafu nikashuka. Kapi la chini nikalibana ukutani
kamba ikaze, isining'inie:
mjukuu wangu ana shingo, akili bado.

Saa kumi nikavuta. Yakagusana bila sauti.
Rula haikuja.

Shekue akarudi, akaegemeza baiskeli,
akala, akasema dagaa wana mchanga,
akakaa kwenye kiti chake, kule kule alikokikimbizia,
wala hakutazama juu.
Nikasema moyoni, haya.

Usiku nimeshajilaza, nikasikia kapi.
Kriii, yakafunguka.
Kriii, yakafunga.
Kimya kidogo. Kriii, tena.
Mtu wa miaka sitini na sita,
gizani, na singlendi.

Sikumuuliza.
Asubuhi nilikuta kiti kimerudi dirishani.